Ukali wa mnyama una hesabu yake

Kwenye maji mafupi ya ukingo wa Ziwa Tanganyika anaishi samaki mdogo, jamaa wa sato na perege, ambaye wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni. Dume mwenye eneo lake ana rangi kali na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni kuelekea mdomoni. Dume asiye na eneo amepauka, hana mstari huo, na huogelea pamoja na majike kana kwamba ni mmoja wao. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio ambalo ndani yake dume mmoja aliwekwa nyuma ya kioo akatazama madume wengine watano wakipigana wawili wawili. A alimshinda B, B akamshinda C, C akamshinda D, D akamshinda E. Mtazamaji hakuwahi kuona B na D wakikutana. Hata hivyo, walipowekwa mbele yake B upande mmoja na D upande wa pili, alisogea kwa D, yule dhaifu.

Samaki huyo alikuwa anapima. Hakuwa amechokozwa, hakuwa na hasira, na wala hakuwa amepigana na yeyote kati yao. Alikusanya habari kuhusu ni nani atamgharimu kidogo, akazipanga kichwani. Mimi nadhani mtu akilielewa jaribio hili vizuri amekwisha kuelewa nusu ya yale ambayo etholojia, sayansi ya tabia za wanyama katika mazingira yao, inasema kuhusu ukali. Mnyama hupigana kwa sababu ya kitu fulani, dhidi ya mpinzani fulani, kwa gharama fulani, na mara nyingi huwa ana mlango wa kutokea. Ukali unapozidi kiasi, karibu kila mara kuna kimojawapo kati ya hivyo vinne kilichoharibika.

Kabla ya kwenda mbali lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Simba anayemwangusha pundamilia hana ugomvi naye. Kuwinda ni kula, na hata ndani ya ubongo kunapita njia nyingine. Walter Hess, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, aligundua kwamba ukichochea kwa umeme hafifu sehemu fulani ya haipothalamasi ya paka, eneo dogo chini ya ubongo, paka hukunja mgongo, manyoya yakasimama, akafoka na kurusha makucha. Baadaye John Flynn na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba ukichochea sehemu nyingine ya haipothalamasi hiyohiyo, paka hunyata kimya kwa panya na kumuuma shingoni, bila kufoka kabisa. Mbwa anayemfukuza kuku kwa masikio yaliyosimama na mdomo uliofungwa anawinda. Mbwa anayenguruma huku ameonyesha meno anataka umbali. Ukimwadhibu wa pili kwa kunguruma, unaweza kumfundisha kuruka hatua ya onyo na kuuma moja kwa moja.

Wafugaji wa kuku wanalipa gharama ya mkanganyiko huu kila siku. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanzoni mwa miaka ya 1920, alieleza kwa mara ya kwanza ngazi ya cheo miongoni mwa kuku: kuna anayewadonoa wote bila kudonolewa, na kuna anayedonolewa na wote. Mdonoo wa cheo unashuka kutoka juu, unalenga kichwa na kilemba, ni wa haraka, na unaishia pale aliyedonolewa anapokimbia au kuinamisha kichwa. Kudonoana manyoya ni jambo lingine kabisa. Kunalenga mgongo, mkia na sehemu ya kutagia, kunafanywa polepole na kwa kurudiarudia, na mara nyingi anayedonolewa amesimama tu. Huko si kugombana. Ni tabia ya kutafuta chakula iliyokosa ardhi ya kuchakurwa ikahamia kwenye manyoya ya jirani. Damu ikitoka, wengine hujiunga, na hapo ndipo kuku hufa.

Kwa hiyo tiba ni mbili tofauti. Kwa kudonoana manyoya, weka pumba au maranda makavu yanayochakurika, tawanya nafaka sakafuni, ning'iniza mchicha au majani ya kabichi kwa urefu unaomlazimu kuku anyooshe shingo, punguza mwanga, na hakikisha chakula kina protini na chumvi ya kutosha. Chakula cha unga huwashughulisha kuku muda mrefu kuliko cha chembe, maana cha chembe huliwa kwa dakika chache na siku iliyobaki inakuwa tupu. Kukata midomo hupunguza majeraha lakini hakuondoi hamu. Kwa ugomvi wa cheo shida huwa ni mgeni. Usiingize kuku mmoja peke yake kwenye banda la wenyeji, kwa sababu kila mwenyeji atataka kumweka chini yake, na wote watamwandama yeye mmoja. Ingiza kadhaa kwa pamoja, baada ya kuwaacha wakionana kupitia wavu kwa wiki moja au zaidi, na uwahamishe usiku wakiwa kwenye vichanja. Weka vyombo vya chakula na maji kwenye pembe tofauti za banda ili kuku mwenye cheo asiweze kuvilinda vyote. Simamisha mbao au maboksi mawili matatu yanayokata njia ya macho, kuku anayefukuzwa apate pa kupotelea. Banda lisilo na pa kukimbilia hugeuza mdonoo wa cheo, ambao kwa kawaida huisha kwa sekunde, kuwa kipigo kisicho na mwisho. Na kwenye mabanda ya maelfu, ambako kuku hawezi kuwajua wenzake mmoja mmoja, ngazi ya cheo hudhoofika. Huko kuku hupimana kwa ukubwa wa mwili na wa kilemba.

Mbinu ya kuuliza maswali ya namna hii ina mwanzilishi. Niko Tinbergen, Mholanzi, alianza miaka ya 1930 huko Leiden na samaki mdogo wa maji baridi mwenye miiba mgongoni, ambaye dume wake huwa mwekundu tumboni msimu wa kuzaliana. Alitengeneza vinyago. Kinyago chenye umbo la samaki kamili lakini kisicho na wekundu kilishambuliwa kidogo. Kipande kibovu kisichofanana na samaki, ila kimepakwa rangi nyekundu upande wa chini, kilishambuliwa kwa nguvu. Majaribio ya baadaye kuhusu wekundu hayakuleta jibu lilelile kila mara, na hilo linafaa kujulikana kwa sababu vitabu vingi vya shule vinalieleza kana kwamba lilifungwa. Jaribio lake jingine ndilo linalonivutia zaidi. Alichukua madume wawili wenye maeneo jirani, akamweka kila mmoja ndani ya mrija wa kioo, akaipeleka mirija yote miwili kwenye eneo la wa kwanza. Wa kwanza akajaribu kushambulia, wa pili akajaribu kukimbia. Akaihamishia kwenye eneo la wa pili, na mambo yakageuka. Samaki walewale, ndani ya dakika chache, mshambuliaji akawa mkimbiaji. Basi ukali haukuwa sifa ya samaki huyu au yule. Ulitokana na mahali alipo na kile alicho nacho cha kupoteza.

Mwaka 1963 Tinbergen aliweka maswali manne ambayo hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa fani hii. Tabia inasababishwa na nini sasa hivi, ndani ya mwili na nje yake? Inakuaje katika maisha ya mnyama mmoja? Inamsaidiaje kuishi na kuzaa? Na ilitoka wapi katika historia ndefu ya mageuzi? Kosa la kawaida ni kujibu swali moja ukidhani umelijibu jingine. Anayesema dume anapigana "kwa sababu ya homoni" amejibu la kwanza tu. Anayesema anapigana "ili apate majike" amejibu la tatu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na wasipingane.

Mwaka uleule Konrad Lorenz, Mwaustria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya 1973 na Tinbergen pamoja na Karl von Frisch, alichapisha kitabu kuhusu ukali kilichosomwa na watu wengi sana. Ndani yake ukali ni kama maji yanayojaa kwenye tangi: yanaingia siku zote, na yasipofunguliwa bomba yatafurika yenyewe. Ndiyo maana alipendekeza michezo iwe njia ya kuyatoa. Picha hiyo ilishika mno, na naona imefanya madhara. Hakuna mahali katika ubongo palipopatikana pakihifadhi ukali unaojilimbikiza kwa kupita kwa muda. Katika spishi nyingi kupigana na kushinda huongeza uwezekano wa kupigana tena, na kushindwa huupunguza, kinyume na tangi lililokwisha kumwagwa. Kwa binadamu, jaribio la Brad Bushman lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu waliopiga mfuko wa ndondi wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi na wakawa wakali zaidi kuliko walioketi kimya. Ushauri wa "toa hasira zako" hauna msingi katika sayansi hii. Lorenz alidai pia kwamba wanyama hawauani wenyewe kwa wenyewe ila kwa ajali, na dai hilo lilianguka, kama tutakavyoona. Tena hatuwezi kumsoma bila kukumbuka kwamba mwaka 1938 alijiunga na chama cha Nazi. Lakini aliona jambo moja kwa usahihi mkubwa: sehemu kubwa ya ugomvi wa wanyama ni maonyesho, na maonyesho hayo yana ishara za kukomesha.

Kwa nini yawe maonyesho? Jibu lilikuja mwaka 1973 kutoka kwa John Maynard Smith na George Price, na ni hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua spishi moja yenye tabia mbili za kupigana, tuziite Mwewe na Njiwa. Mwewe hupigana hadi ashinde au aumie. Njiwa hutisha, na mwenzake akianza kupigana kweli, huondoka. Tuseme zawadi ina thamani ya alama 20 na jeraha linagharimu alama 80. Mwewe akikutana na Mwewe, nusu ya mara anapata 20 na nusu anapoteza 80, kwa hiyo wastani wake ni hasara ya 30. Mwewe akikutana na Njiwa anachukua 20 zote. Njiwa na Njiwa hugawana, kila mmoja 10 kwa wastani. Wote wakiwa Njiwa, Mwewe mmoja akiingia atanufaika sana. Wote wakiwa Mwewe, Njiwa atafanya vizuri zaidi kwa kutopata kitu kuliko wao kwa kuumizana. Mizani inatulia pale Mwewe wanapokuwa robo, yaani zawadi ikigawanywa kwa gharama, 20 kwa 80. Ipandishe zawadi hadi 60, Mwewe wanakuwa robo tatu. Zawadi ikipita gharama, kila mtu anakuwa Mwewe.

Hapo hakuna huruma kwa spishi wala nia njema. Kila mmoja anatafuta lake, na bado vita vya kufa vinakuwa vichache. Kinachofuata ni kwamba mnyama atanufaika kujua mapema mpinzani ana uwezo gani, na ndiyo maana ugomvi hupanda kwa hatua, kila hatua ikitoa habari zaidi na kugharimu zaidi. Kulungu wekundu wa kisiwa cha Rum, Uskoti, huanza kwa kunguruma kwa zamu, kisha hutembea sambamba wakitazamana ubavu, na ni wachache tu wanaofika kwenye kugonganisha pembe. Kunguruma kwa muda mrefu kunachosha, kwa hiyo mgonjwa hawezi kudanganya. Gorila wa milimani katika Hifadhi ya Volkano, Rwanda, hujipiga kifua, na utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa dume mwenye mwili mkubwa hutoa mlio wenye sauti ya chini zaidi: ukubwa wake unasikika ndani ya msitu hata asipoonekana. Serengeti, Peyton West na Craig Packer waliweka vinyago vya simba vyenye ukubwa halisi na manyoya ya shingo ya rangi na urefu tofauti. Madume waliovikaribia walikwepa chenye manyoya marefu au meusi. Weusi huendana na testosteroni, homoni ya kiume, kuwa nyingi na lishe nzuri.

Simba jike nao huhesabu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1994, Karen McComb na wenzake walicheza kwa spika sauti za majike wageni wakinguruma, mara moja sauti ya mmoja, mara nyingine ya watatu. Wenyeji walielekea kwenye spika kwa wepesi zaidi waliposikia mmoja, na wakasitasita waliposikia watatu, isipokuwa wao wenyewe walipokuwa wengi.

Kwa simba dume zawadi iko juu mno, na hapo hesabu inatoa jambo linalochoma moyo. Madume wageni wakiliteka kundi, kwa kawaida hawalishiki zaidi ya miaka miwili au mitatu. Jike mwenye watoto wadogo hatapata joto hadi watoto wakaribie miaka miwili. Akipoteza watoto, hurudi kwenye joto upesi. Basi madume wapya huwaua watoto wa waliowatangulia, na takriban robo ya vifo vya watoto wa simba waliochunguzwa Serengeti na Ngorongoro vilitokana na hilo. Jambo hili lina uzito nje ya vitabu. Ukimpiga risasi dume mwenye kundi, unafungua mlango kwa wageni, na unapoteza pia watoto ambao hukuwalenga. Ndiyo hoja iliyotolewa mwaka 2004 na Karyl Whitman, Packer na wenzao: dume asiwindwe kabla ya miaka 6, umri ambao kizazi chake cha kwanza huwa kimekwisha kujitegemea. Kiwango hicho kiliingia katika kanuni za uwindaji za Tanzania. Mwindaji anaweza kukisia umri kwa darubini akitazama ncha ya pua, ambayo huanza na rangi ya waridi na kujaa madoa meusi kadiri miaka inavyokwenda. Pua iliyo nyeusi kwa zaidi ya nusu kwa kawaida ni ya simba aliyefika miaka 5 au kupita.

Sasa homoni. Mfugaji anajua kwamba fahali aliyehasiwa mapema hutulia, na kwamba aliyehasiwa akiwa amekwisha kuzoea kupigana huendelea nao kwa kiasi. Huo ni ushahidi tosha kwamba testosteroni ina kazi, na pia kwamba haifanyi kazi peke yake. John Wingfield na wenzake walieleza mwaka 1990, kwa kutumia ndege, kwamba mara nyingi mshale unaelekea upande wa pili: dume akikabiliwa na mpinzani, ndipo testosteroni yake inapopanda. Kwenye samaki wa Tanganyika ni wazi zaidi. Ukimwondoa dume mwenye eneo usiku, taa zikiwaka asubuhi dume wa chini huanza kuvaa rangi na mstari wa jichoni ndani ya dakika chache, na katika siku zinazofuata seli za ubongo zinazoamsha homoni za uzazi hukua. Nafasi ilikuja kwanza, mwili ukafuata.

Kwa tembo tunaona pande zote mbili kwa pamoja, na gharama ya kuzivuruga. Joyce Poole na Cynthia Moss walithibitisha mwaka 1981, huko Amboseli, kwamba tembo dume wa Afrika huingia katika masti, kipindi ambacho testosteroni hupanda mara nyingi na ukali nao. Dalili zake zionekane mapema: ute unaotiririka kutoka tezi iliyo kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka mfululizo na kulowesha miguu ya nyuma, harufu kali, kichwa kimeinuliwa juu. Mwenye gari anayeona mkojo unadondoka asingojee masikio yafunguke. Arudi nyuma akiwa bado ana nafasi. Kwa kawaida masti huanza dume akiwa kati ya miaka 25 na 30, na huwa ya muda mfupi mwanzoni.

Katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, waliletwa tembo wachanga waliobaki yatima baada ya tembo wakubwa kuuawa kwa ajili ya kupunguza idadi huko Kruger. Walikua bila dume mkubwa hata mmoja. Vijana hao waliingia masti wakiwa na umri wa miaka 18 hivi, na kwa wengine ilidumu miezi badala ya siku. Kati ya 1992 na 1997 waliua faru weupe zaidi ya 40. Mtu mwenye fikra ya tangi angesema vijana hawa ni wakatili kwa kuzaliwa, wapigwe risasi. Wataalamu waliuliza ni nini kilichokosekana. Mwaka 1998 walileta madume wakubwa sita. Mbele ya dume mkubwa, kijana mwenye masti huzimika, wakati mwingine ndani ya muda mfupi tu baada ya kukabiliwa. Masti za vijana zilifupika, na mauaji ya faru yakakoma. Katika uhifadhi sijui mfano mwingine ambapo maswali ya Tinbergen yalileta tiba ya moja kwa moja kiasi hiki.

Dai la Lorenz kwamba wanyama hawauani lilikufa rasmi Gombe. Tarehe 7 Januari 1974, Hilali Matama, mtafiti wa Kitanzania aliyefanya kazi na Jane Goodall, alishuhudia madume sita wa jamii ya sokwe ya Kasakela wakimkuta Godi wa jamii ya Kahama akila peke yake, wakamkamata na kumpiga. Hakuonekana tena. Jamii hizo mbili zilikuwa moja miaka michache tu kabla. Kufikia mwaka 1978 Kahama ilikuwa imetoweka. Wapo waliosema chanzo ni ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe. Hoja hiyo ilistahili kupimwa, na ilipimwa. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya kumbukumbu za miongo mitano kutoka jamii 18 za sokwe: mauaji 152, yakiwemo 58 yaliyoshuhudiwa na mengine yaliyokisiwa kwa ushahidi au kushukiwa. Mauaji hayakufuata kiasi cha usumbufu wa binadamu. Yalifuata idadi ya madume na msongamano wa sokwe.

Namba moja katika utafiti huo inaeleza karibu kila kitu: katika mashambulizi kati ya jamii na jamii, kwa kawaida washambuliaji walikuwa wanane kwa mmoja. Rudi kwenye hesabu ya Mwewe. Wanane wakimshika mmoja, wawili wakimbana mikono, gharama ya kushambulia inakaribia sifuri. Huko Kanyawara, msitu wa Kibale, Uganda, watafiti walicheza sauti ya dume mgeni mmoja. Kikundi chenye madume watatu au zaidi kilijibu kwa kelele na kumfuata. Wakiwa wachache walinyamaza. Na faida ipo pia: jamii ya Ngogo, katika msitu huohuo, iliua angalau sokwe 18 katika miaka kumi, wengi wao upande wa kaskazini mashariki, na mwaka 2009 ikaongeza eneo lake kwa zaidi ya asilimia 20 upande huohuo.

Ng'ambo ya Mto Kongo, bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, wana sifa ya upole. Utafiti wa mwaka 2024 uliolinganisha madume wa Kokolopori, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sokwe wa Gombe uliwashangaza wengi: madume wa bonobo waligombana karibu mara tatu zaidi. Lakini waligombana mmoja kwa mmoja. Sokwe hushambulia kwa ushirika, na hapo ndipo kifo kinapoingia. Katika jamii za bonobo majike hushikamana, na dume akijivuna kupita kiasi hukuta kundi la majike mbele yake. Ukiuliza "nani mkali zaidi" hutapata jibu la maana. Uliza nani anaungana na nani.

Kwa binadamu, naenda kwa tahadhari. Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, yalipatikana mabaki ya watu wasiopungua 27 wa takriban miaka 10,000 iliyopita. Waliochimba walieleza kwamba kati ya mifupa 12 iliyolala kamili, 10 ilikuwa na dalili za kuuawa. Wataalamu wengine wamepinga baadhi ya dalili hizo. Mwaka 2016 José María Gómez na wenzake walilinganisha spishi 1,024 za mamalia wakakadiria kwamba, kwa nafasi yetu katika ukoo, ungetarajia takriban asilimia 2 ya vifo vya binadamu visababishwe na binadamu wenzake. Kwa mamalia kwa jumla ni asilimia 0.3. Tumezaliwa katika ukoo wenye vurugu, hilo haliwezi kufichwa. Lakini nchi nyingi leo ziko chini kabisa ya asilimia 2, na jamii nyingine katika historia zilipanda juu mno. Kiwango kinachopanda na kushuka namna hiyo katika spishi ileile hakiwezi kuelezwa na damu. Wanasayansi waliokutana Seville mwaka 1986 walikataa dai kwamba vita vimeandikwa katika maumbile yetu, nami nakubaliana nao, ingawa sikubaliani na wanaotumia tamko lao kukataa kutazama Gombe.

Kilicho tofauti kwetu ni silaha. Ishara za kukomesha, kuinama, kulia, kuonyesha mikono mitupu, hufanya kazi uso kwa uso. Risasi husafiri mbali kuliko uso. Mpakani mwa Uganda na Kenya wafugaji walivamiana kwa ajili ya ng'ombe vizazi na vizazi wakiwa na mikuki. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa na bunduki zikaenea Karamoja. Watu walikuwa walewale, na ng'ombe walewale. Gharama ya mshambuliaji ilishuka, na idadi ya waliokufa ikapanda.

Kwenye ugomvi wa kawaida, wa baa au kituo cha basi, ishara zile bado zipo na zinaweza kutumika. Mara nyingi wagombanao ni vijana wa kiume wanaotazamwa na wenzao, na kinachogombaniwa ni heshima mbele ya macho hayo. Anayeamua aanze kwa kuondoa watazamaji. Asisimame mlangoni, maana anayetaka kuondoka akikosa njia atapigana. Asimlazimishe mmoja akiri kushindwa hadharani. Asimame pembeni badala ya uso kwa uso, aongee polepole, na ampe kila mmoja sababu ya kuondoka isiyoonekana kama kukimbia.

Nyani wa Masai Mara waliochunguzwa na Robert Sapolsky wanaonyesha jinsi hali inavyoweza kubadilika kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walikuwa wakienda kila asubuhi kugombania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama iliyotupwa hapo ilikuwa na kifua kikuu, nao wakafa. Kundi lilipoteza karibu nusu ya madume wake, wote wakiwa wagomvi. Waliobaki hawakuwaonea sana walio chini yao, wala hawakuwapiga majike ovyo. Muongo mmoja hivi baadaye hakukuwa na dume hata mmoja wa zamani aliyebaki, kwa sababu nyani dume huhama kundi alilozaliwa akibalehe. Wote walikuwa wageni kutoka makundi ya kawaida, na bado kundi lilikuwa tulivu, na vipimo vya kotisoli, homoni ya msongo, vya walio chini havikuonyesha msongo uliozoeleka kwa nyani wa cheo hicho. Maelezo anayoyaona Sapolsky kuwa na uwezekano zaidi ni kwamba majike wa kundi lile, wasio na hofu ya kupigwa, waliwasogelea na kuwachambua manyoya vijana wageni mapema kuliko ilivyo kwingine, na dume anayetendewa hivyo katika miezi yake ya kwanza hutulia.